Maneno Manne Juu ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi
Nepi zimeanikwa. Uji umeungua, tumekunywa hivyo hivyo. Eli hajanipa usingizi, anaota meno. Ndeshi kamaliza kikombe chake kimya, kama siku zote. Anaelekea miaka minne na maneno yake yote yanaenea kiganjani.

Mwalimu wa chekechea kanisubiri getini. Eti Ndeshi anaitwa, hageuki. Anaambiwa akae, anasimama. "Hii ni tabia, Mama Ndeshi. Umemdekeza. Fimbo kidogo itamnyoosha." Nikamwambia mwanangu asiguswe. Nilisema kwa adabu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kashuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi. Nimempa shikamoo, nimempikia. Kamsemesha Ndeshi Kimeru. Ndeshi akabaki kumwangalia mdomo.

"Kwetu watoto wanasema mapema," akasema. "Hii ni asili ya kwenu."

Asili ya Waarusha! Mjomba wangu anaongea mpaka ng'ombe wanaondoka wenyewe. Nimemeza. Nimemwongezea mchuzi.

Baba Ndeshi akasema ni maumbile, Mungu kamuumba mpole, tumwache. Mama yake akarukia hapo hapo: basi mazingira ndiyo yamemharibu. Nyumba moja lugha tatu, Kimeru, Kimaasai changu, Kiswahili, na juu yake kelele za mtaa wetu wa Ngarenaro. Akakae kwake kwenye migomba na hewa safi, atafunguka. Baba Ndeshi kaitikia. Jumapili ya wiki ijayo mama mkwe anakuja kumchukua.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Nafua huku nawaza. Niliishia kidato cha nne, sina maneno makubwa. Ila haya manne nimeyageuza kama nguo kwenye beseni.

Tabia inampeleka kwenye fimbo. Asili inampeleka kwetu, nibebe lawama mimi. Maumbile yanamwacha alipo. Mazingira yanampeleka mlimani bila mama yake.

Watu wazima watatu, maneno manne, na wote wamemaliza. Hakuna neno hata moja linaloniambia nimwangalie mtoto mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Niandike haraka, Eli yuko mgongoni.

Fundi wa madirisha hapo jirani kawasha grainda ya kukatia chuma mchana. Eli karuka, kalia mpaka kakauka. Ndeshi amelala pembeni yake, hata kope haikucheza. Siku zote watu wananisifu kwa hilo. "Mtoto mtulivu huyo, una bahati." Na mimi nikijivuna.

Alipoamka nikasimama nyuma yake nikapiga sufuria. Hakugeuka. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Akageuka polepole, akaangalia upande usio wangu.

Nikakaa chini. Nikalia kidogo. Kisha nikainuka nikatafuta kadi yake ya kliniki.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali tangu asubuhi. Eli mgongoni, Ndeshi mkononi, chupa ya uji kwenye pochi. Foleni ndefu. Daktari wa masikio ni dada mdogo tu, mcheshi. Kachungulia, kapima, kapima tena. Nyuma ya ngoma za masikio kumejaa maji mazito. Ndeshi anatusikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa.

Nikamuuliza, ni maumbile? "Hapana, mama. Ni ugonjwa. Tunatoboa kidogo, tunanyonya maji, tunaweka vibomba."

Ugonjwa. Sikujua neno hilo linaweza kufurahisha mtu. Nilitaka kumbusu.

Jumapili, 16 Machi
Mama mkwe kaja na khanga mpya ya kumbebea Ndeshi. Nimesimama mlangoni. Nikasema, "Mama, naomba unisamehe, mtoto haendi. Atatibiwa kwanza." Akamwangalia mwanawe. Nikamwangalia na mimi. Baba Ndeshi kasugua kichwa wee, mwisho akasema, "Mama, tumsikilize mwenzangu."

Kaondoka bila kunywa chai. Khanga kaenda nayo.

Nimeogopa. Lakini sikurudi nyuma.

Ijumaa, 28 Machi
Wamemfanyia upasuaji. Kaingia mikononi mwa nesi ananiangalia. Sikuweza kukaa.

Katoka mzima. Jioni wodini muuguzi kaangusha trei. Ndeshi akaruka! Akashika masikio, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikacheka kama kichaa. Baba yake akageukia ukuta. Najua alikuwa analia.

Alhamisi, 17 Aprili
Anaongea! Kila siku neno jipya, mengine ya fundi, si ya kuandika hapa. Anamgombeza kuku. Anaimba akiwa chooni. Leo mwalimu kaniita tena getini: Ndeshi anapiga kelele darasani. Nikasema, "Pole sana, mwalimu," nikaondoka nimevimba kama andazi.

Ule upole wote, kumbe ulikuwa maji tu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mama mkwe kaja tena. Mkononi jani la sale. Kwao Wameru jani hilo huwa halikataliwi: anayelileta anaomba yaishe. Mkubwa kumletea mkwewe, tena mimi! Nimelipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Ndeshi akatoka mbio. "Bibi! Ndizi iko wapi?"

Bibi kashika kiuno. "Yesu wangu. Mdomo huu ni wa kwenu."

"Ndiyo, mama. Nimekuja nao mwenyewe."

Tukacheka mpaka Eli akaamka. Chai kanywa vikombe viwili, na ile khanga ya siku ile karudi nayo, kaniachia mimi.

Jumapili, 27 Aprili
Tumetoka kanisani. Mvua ndogo. Fundi hafanyi kazi leo. Nimechoka, vyombo viko vile vile.

Ndeshi amelala. Nimefunga mlango taratibu, nimeshika komeo lisigonge.

Zamani nilikuwa naubamiza tu.