Kitinda na Mwizi wa Sauti

Jumamosi, 7 Machi

Hatimaye! Miaka kumi na moja jukwaani mume wangu amekuwa tarishi, mlinzi wa lango na maiti (maiti mara mbili). Leo kapewa nafasi ya kueleweka. Yeye ndiye Mwizi wa Sauti. Anaiba sauti za watoto na kuzifungia kwenye chupa. Mchezo wa watoto, saa nane mchana, ule ukumbi mkubwa wa katikati ya jiji.

Tulikaa safu ya nne, mimi katikati, watoto huku na huku. Mkubwa ana miaka tisa, tunamwita Wakili kwa sababu hakubali neno bila ushahidi. Mdogo ni Kitinda, miaka mitano. Ukumbi ulijaa pomoni, bisi chini kila mahali.

Kuna pahali Mwizi anampoteza mtoto anayemsaka. Mtoto kajificha ndani ya pipa. Mwizi anawageukia watazamaji: "Kapita wapi?" Hapo watoto wote ukumbini wanatakiwa wamdanganye. Wanapiga kelele, "Sokoni! Sokoni!" — naye anatimua mbio kuelekea sokoni. Ndio utamu wenyewe. Wakili alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kitinda hakupiga kelele. Nikadhani kasinzia. Kumbe kaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima.

Baba yao karudi jioni, kanawa uso, kavaa shati lake la kila siku. "Enhe, mwanangu, baba alikuwaje?" Kitinda akajibanza nyuma ya sketi yangu, mdomo kaziba. Tulicheka wote.

Jumapili, 8 Machi

Hatucheki tena. Tangu jana Kitinda hajatoa neno mbele ya baba yake. Mzee akiingia bafuni, mtoto anaongea kama redio. Akitoka tu — kimya. Mchana hata chafya kaizuia! Nusura apasuke, maskini.

Nimembana jikoni. Kaninong'oneza: akisema, itaingia kwenye chupa.

Nikamwambia ule ni mchezo tu. Wakili akadakia: mbona mama mwenyewe ulisema jana baba kawa Mwizi kwelikweli? Huyu mtoto ataniua.

Jumanne, 10 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Kasema mtoto alambishwe asali, na kwamba mwanawe angesomea uhasibu haya yote yasingetokea. Hilo la uhasibu halikosekani, hata mtu akiumwa jino.

Kazini, kwenye duka la miwani, nimeweka lenzi ya kulia upande wa kushoto. Mteja kavaa, kayumba, kashika kaunta. Bosi kaniuliza kama na mimi nipimwe macho.

Mume wangu kaja na wazo. Atampeleka Kitinda nyuma ya jukwaa. Akiona anavyopakwa rangi, uoga utaisha. Nikaona si vibaya. Kwa hiyo lawama ni zetu sote wawili, naandika ili nisije nikakana.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa!

Tulianza vizuri. Chumba cha kuvalia, vioo, balbu nyingi, harufu ya poda. Alimkalisha Kitinda kwenye kiti kirefu, akamwonyesha kimoja kimoja. Nywele hizi za bandia. Meno haya yanavuliwa. Pua hii ya mpira — ishike. Kitinda akatoa mkono mmoja mdomoni, akaishika pua. Akaibonyeza! Nikamwona anataka kutabasamu.

Mara akaingia mama anayetunza vifaa vya jukwaani, mchangamfu kweli, anasukuma kitoroli. Chupa thelathini na mbili. Kila moja ina karatasi yenye jina la mtoto. Wakili hawezi kuona maandishi akanyamaza, akaanza kuyasoma yote kwa sauti. Chupa ya saba ilikuwa na jina la Kitinda. Jina lake lile la shuleni, kamili, na la baba juu.

Mtoto alishuka kwenye kiti kama kaungua. Tulimkuta kwa bawabu, mlango wa nje.

Kumbe baba mtu ndiye aliyeandika! Kwa mkono wake. Na la Wakili lipo, chupa ya nane. "Nilitaka niwe nao pale juu," kasema. Nilimjia juu mbele ya watu. Kwa akili zako, jina la mtoto, kwenye chupa? Alikuwa bado kashika pua ya mpira, hajui aiweke wapi. Njiani nilijuta kumpandishia sauti, lakini sikumwambia.

Ijumaa, 13 Machi

Anataka kuiacha nafasi. Kasema yule anayeigiza mlinzi wa lango sasa anaijua mistari yote, wabadilishane, yeye arudi langoni. Mwongozaji wa mchezo kamwambia asubiri mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Siku hiyo wakuu wa ukumbi watakuja kuangalia nani abaki msimu ujao. Akiacha sasa, asimtafute tena.

Nilimwambia usiache. Neno lilinitoka haraka, nikajishtukia. Inaniuma. Nataka apate. Na nataka mwanangu amwambie baba yake "nipe chumvi" kama zamani. Nayataka yote mawili na sijui naanzia wapi.

Jumatano, 18 Machi

Siku ya kumi na moja. Baba mtu sasa anakula haraka haraka na kutoka, ili mtoto apate kuongea mezani. Naona jinsi anavyosimama nje ya mlango kumsikiliza.

Nikimwogesha Kitinda kaniuliza, sauti ya chini, mbona watoto wote wanamdanganya Baba. Nikasema kwa sababu mle ndani yeye ni mbaya. Hakuna hata mmoja anayemwambia? Hakuna. Akajipangusa povu kichwani.

Nikamwambia Jumamosi atabaki kwa jirani. Akakataa. Anataka kuja! Sababu hasemi.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya milango ya ukumbi.

Safu ya nne tena. Wakuu wanne mbele kabisa na kalamu zao. Mume wangu alikuwa moto! Nasema haki, si kwa sababu ni wangu. Tukafika kwenye pipa. "Kapita wapi?" Watoto mia nne: "Sokoni!"

Kitinda kasimama juu ya kiti. Kaondoa mikono mdomoni.

"Baba! Wanakudanganya! Yumo ndani ya pipa!"

Watoto wakamgeukia, wanamzomea, msaliti, msaliti! Wakili kateleza mpaka chini ya kiti.

Mume wangu alitakiwa aseme "Sokoni, eeh?" na kutimua mbio. Nilimwona anafungua mdomo. Hakusema. Aliitazama safu ya nne. Rangi yote ile usoni, lakini nilimjua. Akikimbilia sokoni, kamfanya mwanawe mwongo mbele ya watu mia nne.

"Asante, mwanangu," kasema. Kaenda kwenye pipa, kafunua kifuniko.

Akainuka yule anayeigiza mtoto, mtu mzima na ndevu zake zilizopakwa poda, mikono juu. Haikuandikwa popote! Watoto wanalia, wengine wanacheka, mtu wa pazia akalivuta.

Wametutoa nje. Dakika ishirini sasa. Kengele imelia mara mbili na milango haijafunguliwa. Ndani namsikia mwongozaji anafoka. Wale wakuu wamesimama kwenye ngazi. Mmoja anacheka, watatu hawacheki.

Kitinda yuko mapajani kwangu, haongei na mimi, anaongea na kila anayepita. Anawaambia: mimi ndiye niliyemwambia Baba. Wao walimdanganya. Mimi nikamwambia. Hana kituo.

Mlango wa pembeni umefunguka. Ni yeye, bado na pua, mwongozaji nyuma yake. Kachuchumaa mbele yetu. Mwongozaji anasema kengele ya tatu italia sasa hivi, anaingia yeye au anaingia mlinzi wa lango?

Kitinda kamshika baba yake masikio yote mawili. "Baba, umeshampata. Sasa si twende nyumbani?"

Mwongozaji anasubiri jibu. Na mimi nasubiri.