Hapo Kwenye Chuma

Baba,

Asalaam aleikum huko uliko. Arobaini yako imepita, khitma tumeisoma, watu wa Likoni walikula wakashiba, na mwanao Juma hakugombana na mtu mpaka wageni walipoondoka. Halafu akagombana na mimi.

Ni ile bunduki, Baba. Mbona uliniachia mimi? Watoto wa kiume unao watatu. Wao ndio uliowashikisha walipotoka jandoni, ukawaambia babu yako aliipokonya kwa afisa wa Kijerumani kule Taveta, kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mimi sikushikishwa. Mimi nilipewa kuisugua.

Juma alikuwa ameshaipiga picha na kumpelekea mtu wa Nyali anayenunua vitu vya kale. Nikamwambia bunduki haiuzwi kama kabati, tutafungwa sote. Nikaenda kwa chifu. Chifu akaja na askari, wakaitoa mvunguni mwa kitanda chako, bado imeviringishwa kwa ile leso ya marehemu mama. Nililia kwa ajili ya leso. Hawakunifunga. Walisema imekufa zamani, haiwezi kufyatua kitu, kisha wakamwita bwana mmoja wa makumbusho aje aitambue, na mimi na Juma tukaitwa kituoni tumsikilize.

Ni mtu mpole, hana haraka. Akasema kweli ni ya jeshi la Wajerumani, ya aina ya kale, risasi moja moja, na ikipigwa inatoa moshi mzito. Juma akaanza kutabasamu. Kisha yule bwana akasema maafisa wenyewe wa Kizungu walikuwa na bunduki mpya zaidi. Hizi walipewa askari wao weusi.

Nikamuuliza, kwa hiyo babu alimpokonya mtu mweusi mwenzake? Akasema huenda. Au huenda huyo askari alikuwa ni babu yenu mwenyewe.

Mihuri ndiyo ingetuambia, Baba. Wajerumani waligonga alama za kikosi kwenye chuma, na kwa alama hizo ingekuwa na thamani kubwa. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwingine kote chuma kina weusi wake wa uzee. Mahali pamoja tu, pale mihuri inapokuwa, ni laini kama sahani.

"Mama," akaniuliza taratibu, "hapa alikuwa akipasugua nani?"

Nikasema ni mimi.

Juma ananilaumu hadi leo, ati nimefuta mali ya ukoo kwa mkono wangu. Lakini mimi pale nilikuwa nakusikia wewe. Kila Idd ikikaribia, umekaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nami nina makumbi ya nazi na majivu kana kwamba nasugua sufuria. "Hapo kwenye chuma, Mwanasha. Hapo zaidi. Hapo pana kutu." Nami naitika abee, nasugua mpaka vidole vinawaka moto. Mtutu hukuujali. Kitako hukukijali. Pale palikuwa na vitu vidogo chini ya vidole vyangu, kama maandishi, na kila mwaka vilipungua. Nikadhani ndiyo hiyo kutu.

Sasa sijui nishike lipi. Ulijua? Babu alikuwa upande wa nani? Na kama alikuwa askari wao, ni aibu gani hiyo ya kupewa mtoto wa kike aifute bila kuambiwa? Au kweli uliona kutu, nami nakudhania mabaya nawe umo kaburini, huwezi kujitetea? Nimekukasirikia, Baba. Halafu nakukumbuka ukinipulizia vidole, ukinipaka mafuta ya nazi kimoja kimoja, hasira inaisha, nabaki kukaa tu.

Bunduki itawekwa makumbusho. Yule bwana anataka maneno machache ya familia ya kuandikwa kando yake. Juma anasema nitoe hadithi yako ya afisa, ndiyo tuliyokua nayo. Nimekataa. Nitasema hatujui ilikuwa ya nani.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi babu sitamsemea uongo, si wa sifa wala wa aibu. Lakini najua yule bwana atarudi kuniuliza kwa nini nilisugua mahali pale tu.

Nitamwambia palikuwa na kutu.

Mwanao,
Mwanasha