Siku Nilipotafuta Msamvu Katikati ya Port Louis

Mama Rehema, mke wangu uliyetangulia,

Nilikuficha ugonjwa. Ulinianza tukiwa melini, kwenye safari ile aliyotulipia binti yetu Rehema, nami nikaendelea kukuficha mpaka tulipokuzika Kinole, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yako. Ni ugonjwa wa kusahau. Daktari ameshaupa jina, lakini mimi niliujua kabla yake. Naandika asubuhi kwa sababu asubuhi akili bado inanitii. Ikifika mchana sina hakika nayo.

Naiacha barua hii wazi, wengine waisome, kwa kuwa wao ndio walionisaidia kukuficha bila kujua. Tangu turudi, kila anayesikia kwamba wazee wawili wa Morogoro walipanda meli ya kitalii huniuliza mambo mawili: vinywaji ni bure kweli? Na ikifika bandarini mnaruhusiwa kushuka? Nawajibu kama niko darasani. Maji, chai, kahawa na juisi ya asubuhi vimo kwenye nauli. Soda na pombe unaandikiwa kwenye kadi ya chumba. Kila bandari mnapewa saa za kutembea, na asiyetaka hubaki melini akila. Ila meli si basi. Haina konda wa kusimama mlangoni akipiga kelele kwamba bado abiria wawili. Saa ikifika, inang'oa nanga. Wanacheka, wananishukuru, nami naishia hapo. Yaliyobaki sijamwambia mtu.

Unakumbuka jioni ya kwanza? Ulikaa umeshika meza kwa mikono yote miwili, nikakuambia, "Mluguru, huku hakuna mlima wa kushikilia." Ukanijibu bila kugeuza shingo, "Na wewe Mnyamwezi umepanda bila mzigo kichwani. Njia utaijuaje?" Mama mmoja wa Mombasa, meza ya jirani, akadhani tunagombana. Ukamweleza kwamba babu zangu walipita kwenu wakibeba pembe za ndovu za watu kwenda pwani, wakanywa maji yenu, kwa hiyo mna haki ya kunitukana mpaka kiama. Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Ndivyo tulivyoishi tangu nilipoletwa Morogoro kufundisha jiografia. Tulikuwa na mchezo wetu wa kutojuana. Nikitoka shule, nikikukuta mlangoni, nasema, "Samahani mama, hapa ni kwa nani?" Nawe unasema, "Ni kwa mwenye akili. Wewe endelea na safari." Watoto walikua wakidhani kila nyumba iko hivyo.

Asubuhi moja kule melini mhudumu aliniwekea chai, nikashangaa kuona vikombe vitupu mbele yangu. Nikakuuliza nani alikaa hapa kabla yetu. "Mpagazi mmoja mwenye kiu," ukasema, ukaendelea kupaka mkate siagi. Tumbo langu lilikuwa limejaa. Mdomoni nilikuwa na ladha ya sukari. Sikukumbuka hata funda moja. Kwenye mgahawa wowote wa mjini kwetu ningeletewa bili nikajua nimekunywa vingapi. Pale hakuna aliyehesabu, kwa hiyo hakuna aliyenigundua. Nikainywa na ile chai iliyoletwa, polepole, nikikutazama nione kama umegundua kitu.

Kisha ukanikuta kwenye korido nikijaribu kufungua mlango wa chumba cha watu. Milango yote ilifanana. "Unatafuta mke mwingine?" ukaniuliza. Nikasema huyu wa kwanza amenichosha. Ukacheka, nami nikacheka, na mkono ulioshika kadi nikauficha nyuma.

Tulipofika Port Louis tulisimama juu, tukaiona ile milima nyuma ya mji, myeusi, wingu limeikalia vichwani. Kisha ukasema, "Baba Rehema, wamenifuata." Ukanyoosha kidole ukisema ule pale ni Bondwa kabisa, mlima wenu wa Uluguru. Mimi nilikijua kisiwa kile kwa kukichora ubaoni: bandari pale, mashamba ya miwa kule, pepo zikitoka upande huu. Tukaambiwa turudi kabla ya saa kumi. Ukajaza chupa yako maji ya meli, ukasema wema wa Rehema unaishia mlangoni, huko chini kila mtu na kiu yake.

Sokoni uliinama kwenye fungu la tangawizi, ukipatana bei kwa vidole. Nikainua macho nikaiona milima. Hapohapo bahari ikafutika, na meli nayo ikafutika. Nilikuwa Morogoro, nimechelewa, na ilinibidi nifike stendi ya Msamvu nipate gari la nyumbani. Nikaanza kutembea. Nilimuuliza muuza saa Msamvu ni upande gani, akanijibu kwa lugha yake. Nikamuuliza mwingine, taratibu, kama ninavyomuuliza mwanafunzi mzito. Nikakasirika. Milima ilikuwa palepale ilipo siku zote. Watu ndio walikuwa wamebadilishwa, na hakuna aliyenieleza ni lini. Nikaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikaanza kuogopa kila aliyepita.

Akaja mwanamke anahema, kanga imemteremka mabegani, chupa ya maji mkononi. "Mnyamwezi, unakwenda wapi? Meli inatuacha."

Nikamwambia, "Samahani mama, wewe ni nani?"

Ulicheka, Mama Rehema, mpaka ukainama ukashika magoti. "Mimi ndiye mwenye akili," ukasema. "Haya, simama, mzigo wangu." Ukaninywesha maji, ukanishika mkono.

Kisa hicho kikawa chako. Ulimsimulia yule mama wa Mombasa, ukamsimulia Rehema kwenye simu, ukakisimulia Kinole kwenye harusi ya mpwa wako: Mnyamwezi kapotea ng'ambo, meli inaondoka, na bado ana nguvu za kutania. Watu walishika mbavu. Nami nilikuwa nikikusaidia pale uliposahau, nikiongeza muuza saa, nikiongeza ngazi. Hata wodini, presha ilipokuwa imeshakulaza chali, ulimsimulia nesi. Nilikuwa nimekaa hapo kitandani kwako, nikasubiri amalize kukupima, akaondoka, tukabaki wawili, nikakuuliza kama unataka uji.

Niliogopa jambo moja. Ungeujua ukweli, ungerudi nyuma kwenye utani wetu wote wa miaka ile ya mwisho, mmoja baada ya mwingine, ukijiuliza upi ulikuwa utani.

Sasa ugonjwa unakuja mara kwa mara. Ukungu ukishuka kutoka milimani nafunga dirisha, kana kwamba ndio unaoingia kichwani. Juzi nilisimama kwenye mlango wetu nikauliza hapa ni kwa nani. Nilisubiri jibu muda mrefu. Rehema anataka nihamie kwake. Anasema sauti yangu kwenye simu si ile. Sitamaliza mwaka, hilo nalijua, wala silo linalonitisha. Naogopa tutakutana huko uliko, utanijia unacheka, nami nitakutazama kama nilivyokutazama siku ile. Ndiyo maana nakuambia leo, wakati uso wako bado ninao.

Pumzika, Mama Rehema. Kwenye zile ngazi sikuwa nakutania. Sikukujua. Nilishika mkono wa mwanamke mgeni kwa kuwa ndiye pekee mjini pale aliyenisemesha Kiswahili. Nikapanda naye meli nisiyoijua, nikalala kando yake macho wazi, na kulipokucha nilikuwa bado sijajua ni nani.

Mumeo,
Baba Rehema