Palipo na Mlinzi Mzito

Mwanangu Wade,

Katika mpira wa Kimarekani, wengi hudhani timu inayotawanya washambuliaji uwanja mzima huzuiwa kwa walinzi wachache wenye mbio. Sivyo. Wakitawanyika, kila mlinzi hubaki peke yake kumwangusha mwenye mpira, nao hupita palipo na mzito kuliko wote. Jumamosi walipita kwa mwanao Dalton, kila mara. Nyuma yetu jukwaani mtu akapaza sauti, "Kocha, mletee mwanao kiti, amechoka kusimama!" Watu wakacheka. Mama yako akaendelea kumenya karanga za kuchemsha, hakuinua macho.

Dalton ana moyo, lakini moyo haukimbii. Nilipokuondoa wewe kikosini, nikiwa kocha wako, hukunisalimu mwaka mzima, na ubingwa tukauchukua. Mwondoe leo, kabla ya mazoezi, na umwambie wewe mwenyewe.

Baba yako,
Harlan