Makofi ya Mkutano wa Shule

Mjukuu wangu Zuhura,

Sie huku Mwananyamala wazima, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza ujiunge na kamati ya shule huko Mbeya au uache.

Nilipokuwa msichana tulibeba maji kichwani kujenga madarasa ya shule yetu hii, na wazazi waligombana mchana kutwa mlango ukae wapi. Juzi nikasimama kwenye mkutano wa shule hiyo, nikauliza: uwanja mmeujengea fremu za maduka, watoto watacheza wapi? Mwenyekiti akasema, "Bibi yetu kauliza vizuri, mpigieni makofi." Wakapiga kwa nguvu. Kisha ikaombwa dua ya kufunga kikao, nami nikaitikia amina.

Kama huko bado wanagombana, jiunge mwanangu. Huku wananipigia makofi tu.

Bibi yako