Kikapu cha Masuku

Mpendwa mama mkwe,

Masuku yameanza kuanguka. Nimeona nikuandikie wewe kwanza kabla sijamwambia mtu mwingine, maana kila mwaka ulikuwa unajua kabla yetu sote. Ulikuwa umekaa jikoni unapuliza moto, mara unanyamaza, unainua kidole, unasema, "Limedondoka la kwanza." Mimi sikusikia kitu. Amoni, mwanao, naye hakusikia kitu, ila alikuwa anaitikia ili yaishe. Kesho yake tukipanda kilimani tunalikuta, moja tu, limelala juu ya majani makavu, kahawia kama andazi lililoiva vizuri.

Mwaka huu nimelisikia mimi. Au nimejidanganya kwamba nimelisikia. Vyovyote vile, nilipopanda asubuhi nililikuta.

Nianze na ile siku yangu ya kwanza kilimani, najua ungependa kucheka. Nilikuja kwako kutoka Tunduma, mtoto wa mjini, wa pale mpakani ambapo malori yanalala foleni na mtu anauza vocha na kubadilisha kwacha kwenye meza hiyo hiyo moja. Masuku niliyajua ya kwenye kopo la sado, yamejazwa mpaka kilele, Mzambia anainama anauliza, "Bamayo, shinga?" na mama yangu anamtajia bei. Sikuwahi kuwaza kwamba yana mti. Wewe hukungoja siku ya tatu unipe jembe kama watu wanavyosema. Siku ya pili ulinipa kikapu.

Kule juu nilishangaa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, miti mingine ya porini ilikuwa bado inahangaika na majani yake, lakini misuku ilikuwa imesimama kijani kibichi, majani mapana na magumu, na chini yake kivuli cha kutosha kulaza ng'ombe. Nikainama nikaokota tunda, nikaona limetobolewa na wadudu, nikasema kwa sauti yangu ya sokoni, "Mama, hili limeoza." Ulikuja mbio, mtu mzima na magoti yako yale, ukaniziba mdomo kwa kiganja kilichonata utamu wa masuku.

"Huku hatusemi hivyo, mwanangu," ulisema. "Ukikuta bovu, liache, pita. Ukikuta mti hauna kitu, pita. Kilima kikisikia unakisimanga kinakuficha njia."

"Na huu je?" nikauliza. Tulikuwa chini ya ule mkubwa wa karibu na jiwe, ambao haukuwa na hata tunda moja.

"Huo ni dume. Dume halizai." Kisha ukanionyesha ng'ambo ya kijito, kwa jirani. "Wale walikata madume yao yote wakachoma mkaa. Walisema yanakula ardhi bure. Sasa majike yao yanachanua kila mwaka, kisha basi."

Tuliporudi tukapotea kweli. Tulizunguka tukatokea kwenye kijito kisicho chetu, tukafika nyumbani giza limeshaingia, na wewe njiani hukuniambia kitu zaidi ya "Si nilikuambia." Mpaka leo sijui kama kilima kilituficha njia au wewe mwenyewe ulinipotosha makusudi ili nishike mwiko. Kwa jinsi ninavyokujua, uliniweza.

Miaka ikapita, mama, na mimi sikupata mtoto. Nalisema hivyo wazi kwa sababu wewe hukuwahi kulisema. Tulikwenda hospitali na Amoni, tukapimwa, tukarudi na dawa, tukaenda tena, tukarudi bila dawa. Kanisani wanawake walinisalimia huku macho yao yanashuka tumboni kwangu kabla hayajapanda usoni. Njiani, kisimani, mashineni kwenye foleni ya kusaga, kila mtu alikuwa na "vipi, bado?" yake. Nililia sana miaka ile. Nilikuwa nalilia bafuni, namwaga maji kwa kelele ili usinisikie, na ulikuwa unanisikia, kwa sababu siku kama hizo ulikuwa unanipikia mlenda na karanga bila kuulizwa.

Kisha akaja shangazi yake Amoni. Wifi yako, dada wa marehemu baba mkwe, binti wa kilima kile kile, mdomo mkali na moyo wa haraka. Alikuja msimu wa masuku kama huu, akakaa kwenye kigoda, hata chai hakuimaliza.

"Wifi, nimekuja tuzungumze. Kuna binti kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mtoto wa watu, ana adabu. Amoni hawezi kukaa hivi hivi."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia mkononi. Ulinyanyuka ukachukua kikapu kwenye msumari wake.

"Tutazungumza, wifi. Kwanza twende tukaokote masuku, nyani watayamaliza. Na wewe wa Tunduma, njoo."

Tukapanda watatu. Tulipofika tu shangazi akaanza, "Sasa wifi, kuhusu huyu mke wa Amoni, mimi naona..." Wewe hukuinua hata kichwa. "Wifi, uko chini ya msuku." Akafunga mdomo, kwa kuwa mwiko ule alinyonya nao na anaujua kuliko wewe uliyeolewa pale. Akaokota kidogo. Akasogea pembeni kwenye uwazi, akaita, "Wifi, njoo huku basi." Ukamwambia huku kuna mengi, huko hakuna kitu. Ulituokotesha mpaka viuno vikatuuma. Kikapu kikajaa, ndoo ikajaa, ukavua kitenge cha juu ukakifunga nacho kikajaa. Jua lilipoanza kuzama shangazi alikuwa anahema, akasema njia ni ndefu, anakwenda kwake. Alishuka na ndoo ya masuku kichwani na maneno yake yote kifuani.

Ikawa desturi. Shangazi akionekana tu kwenye kona ya njia, wewe unaulizia kikapu kiko wapi. Nje ya msimu ulimpeleka kuokota kuni, kule kule. Mwishowe alichoka, akaanza kuja kwa mazungumzo mengine, na chai akawa anaimaliza.

Siku moja nilijikaza nikakuuliza, "Mama, kwa nini unanitetea hivi?"

"Nani amekutetea?" ulisema. "Mimi nilikuwa naokota masuku."

Ulituacha wakati wa baridi kali, mwezi wa sita mwaka jana. Hilo sitaliandika sana, ulikuwepo. Nitasema tu kwamba kikapu kilibaki kwenye msumari wake na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nilikuwa nikifagia jikoni nazunguka chini yake kama kuna mtu amelala.

Masuku yalipokaribia, Lazaro akaja kutoka Vwawa. Mwanao wa pili si mtu mbaya, unamjua, ni mdomo wake tu unaotangulia. Anajenga pale kando ya barabara ya kijijini, tofali amefyatua, zimekauka, zinangoja moto. Tulikuwa tunakula. Akasema, "Kaka, pale kilimani kuna misuku inayokula ardhi bure. Ile isiyozaa tunaifuga ya nini? Ikatwe, nichomee tanuru langu."

Amoni alitazama miguu yake. Mimi nilitazama ugali. Lazaro naye akashtuka alichosema, akataka kukirekebisha, akaharibu zaidi: "Shemeji, mimi naongelea miti." Nikamwambia nimeelewa, nikamwongezea mboga.

Kikao kikapangwa Jumamosi, na shangazi akaitwa kama mkubwa wa ukoo. Siku zile za kungoja sikulala vizuri. Nilijua madume yakikatwa kilima kitakufa kama cha jirani. Lakini nikuambie ukweli wote: si kilima tu nilichokuwa nakiogopea. Nilijiambia, nyumba hii ikishakubaliana kwamba kisichozaa kinakatwa, mimi siwezi tena kulala ndani yake. Nilizikunja nguo zangu nikazipanga kwenye begi. Amoni aliliona lile begi. Hakuuliza, ila usiku ule hakugeukia ukutani kama anavyofanya akiwa na mawazo, alinishika mkono mpaka akasinzia.

Jumamosi wakaja. Shangazi kwenye kigoda chake, Lazaro kwenye kiti, Amoni kwenye ngazi ya mlango. Chai ikamiminwa. Lazaro akasafisha koo, akasema, "Basi, jambo lenyewe lililotuleta..."

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Niliingia jikoni, nikainua mkono, nikachukua kikapu chako kwenye msumari. Kilikuwa na vumbi na harufu yako. Nikatoka nacho nikasema, "Shemeji, tutazungumza. Kwanza twende tukaokote masuku, nyani watayamaliza."

Shangazi aliniangalia mimi, akaangalia kikapu, akaangalia mimi tena. Kisha akacheka, mama. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nyanyukeni," aliwaambia wanao. "Mmesikia. Nyani."

Tukapanda wanne. Lazaro alitangulia kwa hasira kidogo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile dume kubwa la karibu na jiwe, akaliwekea mkono kwenye shina. Akageuka kutuangalia. Akafungua mdomo.

"Haya, sema," shangazi akamwambia. "Tunakusikiliza. Mti huu una nini?"

Alisimama pale. Mtu mzima, fundi, ana watoto wake, na niliona kabisa anarudi kuwa yule mtoto uliyekuwa unamziba mdomo kwa kiganja. Alitazama juu kwenye majani, akatazama kijito, akatazama njia tuliyokuja nayo kama anaihakikisha bado ipo. Akainama akaokota suku lililobiringika kutoka kwenye mti wa jirani, akalipangusa, akalila, akatema mbegu.

"Matamu mwaka huu," akasema.

"Na tofali?" Amoni akamuuliza, taratibu.

"Nitatafuta pumba za mpunga Kamsamba nichomee. Kuna mtu ana lori." Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ugali. "Shemeji, mdomo wangu unaujua."

"Naujua," nikamwambia. "Okota basi."

Tuliokota mpaka kikapu kikafurika. Wakati wa kushuka nilitaka kumpa shangazi akibebe, kwa heshima, yeye ni mkubwa na ni binti wa nyumba. Akakirudisha mikononi mwangu. "Hicho kina mwenyewe," alisema. "Mwenyewe alikuwa ameshamchagua tangu zamani, mimi ndiye nilichelewa kuona." Nililia njia nzima ya kushuka, na hatukupotea.

Begi nimelitoa nguo. Sasa ninalo jambo jingine la kukuambia. Nimeotesha misuku. Mara ya kwanza nilizitia mbegu kwenye viriba vya plastiki na udongo mzuri wa mbolea ya zizini, ule mweusi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Zikachipua, zikawa za njano, zikafa zote. Nikarudia, zikafa tena. Ndipo nikakumbuka ulivyoniacha mwaka mzima wa kwanza nipike kwa mtindo wa Tunduma, mafuta mengi na nyanya nyingi, ukala bila kusema neno. Shangazi aliposhangaa ulimwambia mtu akihama aachiwe kidogo cha alikotoka. Basi nikapanda kilimani, nikachota udongo wa chini ya msuku wenyewe, ule maskini wenye mchanga na majani yaliyooza, nikajazia viriba kwa huo.

Imekubali, mama. Ina majani manne, mengine matano, magumu na ya kijani hata kwenye jua hili. Wamama wa kanisani wameanza kuja kuiangalia, na macho yao sasa yanashuka kwenye miche.

Mmoja nimekuchagulia wewe. Jana mvua ilipotulia tulikwenda mimi na Amoni tukauchimbia shimo pale karibu na kichwa chako, si karibu sana, mizizi isikusumbue. Yeye alichimba, mimi nikashika mche. Tulipokwisha kushindilia udongo alichuchumaa akautazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama ni jike au dume.

Nikamwambia haijulikani mpaka uchanue, na kuchanua ni miaka mingi.

Akanyoosha mkono akachukua kopo.

"Haidhuru," akasema. "Tuumwagilie."

Pumzika, mama. Mwakani wakati kama huu nitakuwa jikoni, nimeacha kupuliza moto, nasikiliza.

Mkweo,
yule wa Tunduma