Kilio cha Idara ya Samaki

Kasenga, Uvira
Tarehe 9 mwezi wa tano, 2024

Mpendwa mwanangu Étienne,

Salamu nyingi toka nyumbani. Uko mzima? Mgongo wako na hiyo migodi ya Kolwezi bado vinaelewana? Sisi tuko, tunapumua. Mama yako Anne-Marie magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi meno yamebaki machache, nayo kwa ndagala yanatosha.

Ziwa limepanda mpaka uani kwa jirani yetu Itangishaka. Asubuhi anafungua mlango anakuta samaki, na bado analalamika.

Ujumbe wako wa simu nimeusoma. Unasema Spès akubali tu hiyo gestion waliyompa, hayo masomo ya usimamizi wa ofisi, atulie, asitafute maneno na wakubwa. Niliutafuta kichwa na mkia, nikakosa vyote. Ngoja nikueleze, maana huko mbali umesikia nusu.

Binti yako Spès alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize masomo ya samaki. Ghafla karatasi ikabandikwa ukutani pale chuoni: idara ya uvuvi na samaki imefungwa, wanafunzi wote waende gestion, waanze mwaka wa kwanza. Hakuna mzazi aliyeitwa, hakuna mwanafunzi aliyeulizwa. Hapa hapa, Étienne, kando ya Tanganyika, wamefunga samaki.

Mke wangu Spès (wewe baba mkwe wangu, vumilia) alirudi nyumbani macho yamevimba. Nikamwuliza nani amekufa. Akasema, "Masomo yangu, babu." Nikamwambia, "Basi mbona hakuna mikeka?"

Kesho yake tukatandika mikeka katika ua wa chuo. Wanafunzi wakaja, wazazi wakaja, akina mama wa Makobola wakashuka na pikipiki na masufuria yao. Pitchou, yule wa mwaka wa pili, akanyoa kichwa. Mama yako aliniita mwenda wazimu njia nzima, lakini alipofika akaangua kilio kushinda wote: idara yetu, unatuachia nani. Padri akasema tunachezea kifo. Nikamwomba aseme ni kilio gani ambacho yeye amewahi kukataa wali wake. Akaenda zake, lakini polepole.

Sasa sikia. Sekretere wa masomo akatokea. Ni mtu wa Kiringye, amelelewa vizuri, na hapo ndipo alipopotea. Akaona mikeka, akaona watu wameshika tama, akavua kofia, akatupa pole, akaketi. Aliketi, Étienne! Mazoea yalimbeba. Alipotaka kuinuka nilikuwa nimeshaanza.

"Mwanangu, marehemu aliugua tangu lini?"

"Mzee, hapa hakuna marehemu."

"Na weye umemvulia nani kofia?"

Watu wakacheka, hata mama yako katikati ya machozi yake. Sekretere akatazama chini. "Walimu walipungua," akasema. "Tangu mwaka juzi."

"Tangu mwaka juzi mgonjwa yuko ndani, na ndugu hamkutuita? Na mwaka jana mkaandikisha watoto wapya, mkawalaza kitanda kimoja na mgonjwa?"

Akajifuta jasho. Unajua kwetu: mtu akificha ugonjwa wa ndugu, siku ya kifo maswali yote yanamwangukia yeye. Na kilio hakivunjwi mpaka isemwe mbele ya wote, kila yatima anachukuliwa na nyumba gani. Nikamwuliza hilo pia. Akasema atapeleka kwa wakubwa.

Alichopeleka sikijui, lakini juzi alimwita Spès pembeni. Eti kwa kuwa anaongoza darasa, watamtafutia nafasi katika chuo kingine huko Bukavu, na miaka yake aliyosoma itahesabiwa. Yeye peke yake, na mikeka ikunjwe.

Spès akamwuliza, "Na Chance wa Makobola? Na Délice? Wao mmewapatia nyumba gani?"

"Ya wengine tutaona."

Binti yako akarudi mkekani. "Sogea, babu," akasema, akaketi mahali pake. Mimi nikasogea.

Kwa hiyo usimwambie tena atulie. Tunachotaka si kikubwa: walete walimu mpaka wa mwisho aliyeandikishwa amalize, au wote wapelekwe chuo kingine na miaka yao. Kabla ya hapo hatutoki, hata wakitumwagia maji. Kwa Itangishaka tumeshayazoea.

Na wewe una kazi. Jumatatu mchana piga simu, kama wafanyavyo ndugu wa mbali kilio kikiwa nyumbani. Sekretere ameahidi kuja na mkubwa wake. Nitaweka sauti kubwa mbele yao. Usinisalimie sana, unite za simu zitaisha. Uliza kama baba wa yatima: ugonjwa ulianzaje, na mtoto wangu pamoja na wenzake wanachukuliwa na nani. Ukiogopa wakubwa, basi kohoa tu. Nitawaambia huzuni imekukaba.

Msalimie mkeo Victoire, na mdogo wako Luc, kama bado anakumbuka kwamba ana baba. Mungu akushushe salama shimoni na akupandishe salama kila jioni.

Mimi baba yako, nikupendaye hata unaposhauri vibaya,

Kizito